Daftari la Msimbo: Lafaa au Halifai?



Tangu muhula huu uanze, chama chetu cha kompyuta kimegawanyika pande mbili, na mabishano yake yamefika mpaka mabwenini. Kinachogombaniwa ni daftari. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu, ambamo wenzetu waliotutangulia waliandika vipande vya msimbo, yaani mistari michache ya maagizo ambayo mtu huipa kompyuta ili itende kazi fulani: kuonyesha ukurasa wa tovuti, kulinda milango ya seva, kutafuta jina katika hifadhidata, na mengine ya namna hiyo. Kila mwaka wanaomaliza masomo huwaachia wanaobaki, nao wanaobaki huongeza yao.

Upande mmoja wasema daftari hili lifungiwe kabatini, kwa maana linatufundisha uvivu. Mwanafunzi, wasema, afunua ukurasa, anakili mistari kumi, mashine yafanya kazi, naye atembea uwanjani kama mhandisi mkuu, kumbe hajui hata mstari mmoja una maana gani. Upande wa pili wasema daftari ni hazina ya shule. Kwa nini mtu akeshe usiku kutafuta jambo ambalo mwenzake alikwisha kulipata?

Kama jambo hili lingekuwa la kuchezea tu katika chumba cha kompyuta, nisingeshika kalamu. Lakini mwaka huu shule imekiruhusu chama kutengeneza tovuti ambayo mzazi ataweza kuona alama za mtoto wake, na wanafunzi wa zamani wataandikisha majina yao, kazi zao na namba zao za simu. Wengi katika chama wataka tovuti ifunguliwe siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, na njia yao ni kuviunganisha upesi vipande vilivyomo katika daftari. Mimi nalipenda daftari, na naomba lisifungiwe. Lakini tovuti isifunguliwe kwa msimbo ambao hakuna miongoni mwetu awezaye kuueleza. Hayo ndiyo maoni yangu, na sababu zake ni hizi.

Kwanza, wanaodhani kunakili ni wizi wafikiri tena. Katika karakana, fundi seremala hampi mwanafunzi wake ubao mtupu na kumwambia abuni kiti. Humpa kigezo, naye hukifuata, na siku moja akajua kwa nini mguu wa nyuma umeinama. Hata mtandao wa tovuti ulienea kwa njia hiyo. Bwana Tim Berners-Lee aliutoa wazo lake mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CERN, karibu na mji wa Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo ilitangaza kwamba msimbo wa kazi hiyo ni wa watu wote, bila malipo. Tena kivinjari cha kompyuta kina njia ya kufunua maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa. Mafundi wengi wa tovuti walianza hivyo: waliona ukurasa mzuri, wakaufunua, wakatazama ulivyoshonwa, wakajaribu wao.

Isitoshe, sisi tuna sababu yetu wenyewe. Bando likiisha katikati ya kazi, au mtandao ukikatika siku nzima, majibu yote ya dunia hayatufai kitu. Daftari halikatiki. Kwa hiyo naliheshimu, na waliolianza nawashukuru.

Lakini kipande cha msimbo husafiri na kasoro zake. Sikilizeni kisa kimoja cha kweli. Mwaka 2010 mhandisi aitwaye Andreas Lundblad alijibu swali katika tovuti ya Stack Overflow, mahali ambapo waandishi wa programu huulizana. Aliandika kipande kifupi katika lugha ya Java cha kugeuza hesabu ya baiti iwe maandishi yanayosomeka kwa urahisi. Kipande kilikuwa kizuri, watu wakakinakili. Mwaka 2018 mtafiti Sebastian Baltes alionyesha kwamba miongoni mwa vipande vya Java vya mahali pale, hicho ndicho kilichonakiliwa kuliko vyote. Ndipo mwenyewe alipokitazama upya, na mwaka 2019 akaeleza hadharani kwamba kilikuwa na kasoro: ukikipa baiti 999,999, chakujibu «1000.0 kB» badala ya «1.0 MB». Kwa miaka mingi kasoro hiyo ilikuwa ikihama kutoka kazi moja hadi nyingine. Walionakili walikuwa watu wazima wenye vyeo na mishahara. Basi sisi wa madawatini tusijione salama.

Kosa la Bwana Lundblad halikumdhuru mtu. Yako mengine yanayodhuru. Tazameni kipande hiki, ambacho cha namna yake kimejaa katika masomo ya zamani ya lugha ya PHP:

$swali = "SELECT * FROM wanafunzi WHERE namba = '" . $_GET['namba'] . "'";

Maana yake ni rahisi. Mzazi aandika namba ya mtoto, nasi twaichukua namba hiyo na kuibandika ndani ya swali tunaloiuliza hifadhidata. Ukijaribu, kitafanya kazi, na kila mtu atapiga makofi. Lakini yuko mtu ambaye hataandika namba. Ataandika hivi:

' OR '1'='1

Sasa swali letu lasema: nipe wanafunzi wote ambao namba yao ni tupu, au ambao moja ni sawa na moja. Moja ni sawa na moja siku zote. Basi hifadhidata, ambayo ni mtumishi mtiifu asiye na shaka, yatoa alama za shule nzima. Ponyo lake si refu kuliko ugonjwa:

$s = $pdo->prepare('SELECT jina, alama FROM wanafunzi WHERE namba = ?');
$s->execute([$namba]);

Hapa swali lapelekwa peke yake, na namba yafuata nyuma, kila moja mahali pake. Alama ile ya kuulizia ni kiti kilichoachwa wazi. Lolote atakaloandika mgeni litakaa katika kiti hicho likiwa neno tu, wala haliwezi kugeuka kuwa amri. Vipande vyote viwili vyafanya kazi. Anayetazama kama chafanya kazi tu hawezi kuvitofautisha; anayekisoma aona tofauti mara moja.

Wala msidhani kwamba cha pili chatosha. Mzazi akiandika namba ya mtoto wa jirani, kipande hicho kizuri kitampa alama za mtoto wa jirani. Hakuna kosa katika msimbo, umejibu ulivyoulizwa. Lakini swali la nani ana haki ya kutazama alama za nani halimo katika kipande chochote cha daftari, kwa sababu aliyekiandika hakuijua shule yetu. Ni sisi tunaopaswa kulijibu, kwa kumpa kila mzazi neno lake la siri na kumfunga kwa mtoto wake peke yake. Na hata sheria yatutazama: hapa Uganda ipo sheria ya mwaka 2019 inayolinda habari za watu, nayo yawadai wanaozikusanya wazitunze. Mwenye shule hawezi kujitetea kwamba wanafunzi walinakili.

Nije sasa kwenye seva. Katika daftari letu upo mstari huu, umepigwa duara kwa wino mwekundu kana kwamba ni dawa ya magonjwa yote:

chmod -R 777 /var/www

Seva ikikataa kuonyesha ukurasa kwa sababu ya ruhusa, mtu huandika mstari huo na ukurasa hutokea. Lakini zile saba tatu ni nini? Ni hesabu ya darasa la kwanza. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, jumla 7. Saba ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kundi lake, ya tatu ni ya mwingine yeyote aliyemo katika kompyuta ile. Kwa hiyo 777 ni kusema: kila mtu na kila programu humu na isome, iandike na itekeleze. Ni sawa na mwenye nyumba ambaye mlango wake ulikuwa mzito kufunguka, naye akaung'oa. Anayeijua hesabu hii huweka 755 kwa folda na 644 kwa faili, ili mwenyewe aandike na wengine wasome tu, kisha hutafuta kwa nini seva ilikataa tangu mwanzo. Mara nyingi ataona faili zimeandikwa kwa jina la mtumiaji asiyehusika.

Tena yapo maagizo ambayo kila moja peke yake ni jema, ila mpango wake ukipinduliwa huleta msiba. Mfano ni haya mawili ya kulinda milango ya seva:

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw enable

La kwanza laruhusu mlango wa SSH, ambao ndio tunaoingilia tukiwa mbali. La pili lawasha ulinzi, ambao kwa kawaida huzuia wageni wote wasioruhusiwa. Mtu akianza na la pili, kisha akatoka kabla ya kuandika la kwanza, amejifungia nje na ufunguo umebaki ndani. Ikiwa seva iko Kampala ni safari. Ikiwa iko Ulaya atamwomba mwenye mitambo amwonee huruma. Daftari letu limeandika yote mawili, lakini halikusema lipi litangulie.

Nisiwe wa kulaumu tu. Kipo kipande kimoja ambacho ningependa kila mwanachama akijue kama ajuavyo jina lake:

sudo nginx -t && sudo systemctl reload nginx

Nginx ni programu ya seva inayowapokea wageni wa tovuti. Nusu ya kwanza yaiambia ikague maandishi ya mipangilio yake kama yana makosa. Nusu ya pili yaiambia iyasome upya. Na zile alama mbili katikati zasema: tenda la pili ikiwa tu la kwanza limefaulu. Katika mstari mmoja mna adabu nzima ya kazi hii: kagua kwanza, kisha tenda. Asiyejua maana ya alama hizo mbili huenda akaziondoa siku moja akidhani ni pambo.

Kisa changu cha mwisho ni cha kampuni iitwayo GitLab, ambayo kazi yake ni kutunza misimbo ya watu wengine. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao, akiwa amechoka na usiku umeingia, alitaka kufuta data katika seva ya akiba iliyokuwa na matatizo. Amri aliyoandika ilikuwa sahihi, ila aliiandika katika seva kuu. Alipogutuka na kuisimamisha, katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4 na nusu. Basi wakakimbilia nakala za akiba. Hapo ndipo walipoona kwamba nakala zilizodhaniwa kutengenezwa kila siku hazikuwapo, kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Kazi za muda wa saa sita zikapotea. Lakini kampuni ile iliandika habari yote waziwazi, dunia nzima ikasoma, nami naiheshimu kwa hilo kuliko kama isingeanguka.

Sasa nauliza. Daftari letu lina mistari minne mizuri ya kutengeneza nakala za akiba kila usiku. Ni nani aliyewahi kuirudisha nakala hata moja kuona kama yafunguka? Nakala isiyowahi kujaribiwa ni kama mtumbwi uliokauka chini ya mwembe: utajua matundu yake ukiwa katikati ya ziwa.

Wenzangu watanijibu kwamba hata mabingwa hunakili, na kwamba kama kila mtu angesubiri kuelewa yote, hakuna tovuti ingefunguliwa duniani. Ni kweli kwamba hakuna mtu aelewaye yote. Mimi sijui umeme unapitaje ndani ya kichakato, na sitadai mwenzangu ajue. Nadai ajue mistari anayoiweka kwa mkono wake mwenyewe. Wengine watasema kwamba siku hizi daftari lenyewe limepitwa, maana zipo programu za akili bandia ambazo mtu akiziomba humwandikia msimbo kwa sekunde chache. Hilo lazidi kunipa nguvu. Kama kipande kinachopatikana kwa taabu chaweza kunakiliwa bila kusomwa, je, kile kinachokuja bure na kwa maneno matamu? Kadiri vipande vinavyopatikana kwa wepesi, ndivyo thamani ya mtu awezaye kuvisoma inavyopanda.

Kwa hiyo napendekeza kwa chama mambo matano, nayo yapigiwe kura kabla ya muhula kwisha.

Kwanza, kila kipande katika daftari kiandikwe na maelezo ya Kiswahili au Kiingereza chepesi: chafanya nini, na kikikosewa chaweza kudhuru nini. Ambacho hakuna wa kukieleza kipigwe mstari.

Pili, kiandikwe kilikotoka na jina la mwenyewe. Hii si heshima tu. Maandishi ya Stack Overflow, kwa mfano, hutolewa kwa leseni inayomdai anayeyatumia amtaje aliyeyaandika.

Tatu, iandikwe tarehe na toleo la programu. Humo katika daftari bado mna vipande vitumiavyo amri ya mysql_query, ambayo iliondolewa katika PHP tangu toleo la 7.0 la mwaka 2015. Maji ya zamani hayakoki moto, lakini yaweza kumpotezea mtoto wa Senior Three siku mbili.

Nne, neno la siri lolote lisiandikwe katika daftari hili hata kwa penseli. Kitu kinachopita mikono ya watu arobaini si mahali pa siri.

Tano, na hili ndilo kubwa, ukurasa wa alama na orodha ya wanafunzi wa zamani usifunguliwe mpaka wanachama wawili, mmoja wa madarasa ya juu na mmoja wa chini, wamesimama ubaoni na kuueleza mstari kwa mstari, na mpaka nakala ya akiba imerudishwa mbele ya macho yetu. Tukiwahi siku ya mkutano, vema. Tusipowahi, siku ile tuwaonyeshe wageni wetu ukurasa wa historia ya shule na picha za michezo, ambao hauna siri ya mtu.

Nanyi, wazee wetu mliosoma hapa, ambao mmeahidi kutulipia seva, nina ombi moja. Msitubane kwa tarehe. Walio mafundi miongoni mwenu waje Jumamosi moja, wakae dawati la nyuma, watuulize maswali magumu. Namba zenu za simu ndizo zitakazokuwa humo, na alama za wadogo zenu. Ni haki yenu kujua ni nani anayezilinda, na kama ajua alichokiandika.

Mimi nitaondoka mwaka huu. Mwaka ujao seva itaharibika siku moja, kama seva zote ziharibikavyo, na kijana asiyenijua atalifunua daftari usiku akitafuta msaada. Nataka akute mkono wa mtu aliyejua anachosema. Nimetoa yangu, asiyekubaliana nami, ukurasa wa toleo lijalo uko wazi, na achukue kalamu.

Mwanafunzi wa Senior Six
Chama cha Kompyuta